Uwanja Usioota Majani

Kwa miaka ishirini na miwili uwanja wa nyumba yangu haukuota hata jani moja, na mimi nilijisifu kwa hilo. Nilijisifu kanisani, nilijisifu shuleni nilikofundisha darasa la pili, na wageni walipofika niliwachelewesha kidogo mlangoni ili wapate nafasi ya kutazama chini. Anayeijua Likasi anajua kwamba mwanamke wa kwetu hupimwa kwa uwanja wake. Majani uwanjani ni uvivu, ni nyoka, ni nyumba isiyo na mwenyewe. Wenzangu walipalilia kila juma wakati wa mvua na kulalamika migongo. Mimi jembe sikulishika. Nilishika ufagio tu, kila asubuhi kabla ya chai.

Tena haikuwa siri. Mwaka tuliohamia nyumba hii, marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa reli, alileta mikokoteni sita ya mchanga wa rejet. Rejet ndilo jina la lile vumbi la njano lililobaki baada ya kiwanda cha zamani kutoa shaba yake. Limerundikwa vilima vilima pembeni ya mji tangu kabla hatujazaliwa, na hakuna aliyewahi kutukataza kuchota. Ukilimwagia maji na kulishindilia, linakauka gumu, safi, na halioti kitu. Jirani yangu Mama Ngoie alipouliza nimefanyaje, nilimwelekeza mwenyewe, na yeye akaleta mikokoteni minne. Nalisema hilo mapema msije mkadhani nitajificha nyuma ya ugonjwa.

Nawaandikia nyinyi mnaoamka asubuhi mkakuta kope zimevimba, mkajiambia ni usingizi. Nami nilijiambia hivyo mwezi mzima. Nilipowaambia watoto wa darasani wamchore mwalimu wao, walichora boga lenye miwani, nikawapa alama nzuri kwa sababu ya vichekesho. Mama Ngoie naye alinitazama kutoka ng'ambo ya ua akapiga makofi, akaniita kwa jina la binti yangu, kwa Kiswahili chetu, ambacho njo ni ndiyo na minye ni mimi.

"Ma Clarisse! Sasa unanenepa! Njo nani anakulisha muzuri vile?"

Mjane akiambiwa amenenepa hafikirii maradhi. Nilicheka, nikajigeuza kidogo anione vizuri. Juma lile lile viatu vya kanisani vilikataa kuingia. Nilibonyeza mguu kwa kidole, kidole kikaacha shimo, na shimo lile likakaa muda mrefu bila kufumba. Mkojo ulikuwa na povu, povu jeupe lisiloisha, na mdomoni nilikuwa na ladha ya kijiko kitupu tangu asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo nilipoogopa.

Chumba cha kungojea cha hospitali yetu kina mabenchi matatu na meza moja. Ukifika unaweka fishi yako, ile kadi ya mgonjwa, juu ya meza chini ya fishi za waliokutangulia, na juu ya fishi zote kuna jiwe la malakiti, la kijani, kubwa kama ngumi, ili upepo usivuruge zamu za watu. Nimelitazama jiwe lile kuliko nilivyowahi kutazama picha yoyote. Najua mistari yake. Infirmiere, yaani muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni, huliinua, huchukua fishi ya chini kabisa, huita jina, halafu hulirudisha. Kila mara moyo unaruka, na mara nyingi jina si lako.

Waliniambia ni figo. Walinituma Lubumbashi kupimwa zaidi, nikasafiri nimekaa na miguu juu ya mzigo wa mtu nisiyemjua, ambaye hakuninung'unikia hata mara moja, Mungu amkumbuke. Nilirudi na vidonge vidogo vyeupe, kumi na viwili kila asubuhi kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, baridi ya mwezi wa sita. Tangu hapo sikuhesabu tena kwa majuma. Kulikuwa na wakati wa vidonge kumi na viwili, kisha wakati wa kumi, kisha wakati wa nane, ambao ulikuwa mrefu kuliko yote.

Sitawafundisha mambo ya figo, siyajui. Nitawaambia yale ambayo hakuna aliyeniambia. Vile vidonge vinakufanya mtu mwingine. Uvimbe wa miguu ulipungua lakini mashavu yalizidi kujaa, nywele zikaota kidevuni, ngozi ya mikono ikawa nyembamba hadi kuguswa na mpini wa ufagio kuliacha alama ya zambarau. Nilikuwa na njaa isiyo na adabu. Na chakula chenyewe hakikuwa na chumvi. Bukari, ugali wetu, bila chumvi, sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, na wale samaki waliokaushwa wa ziwa la Tshangalele niliokuwa nikiwanunua kila Jumamosi, wakapigwa marufuku. Siku moja nilisimama mbele ya meza ya muuza samaki nikavuta harufu tu, kama mwizi, mpaka akaniuliza kama nimepotea.

Kwenye benchi nilipata mwenzangu mmoja, Mama Odette wa Kakontwe, ambaye naye alikuwa na figo. Tulikuwa tunaitwa Jumanne. Yeye alifika mapema kuliko mimi, na alikuwa akiniwekea nafasi kwa kuvua ndala yake moja na kuiweka juu ya benchi. Nikifika anaitelezesha mguuni, nakaa. Hatukuzungumza sana, alinionyesha tu jinsi ya kumeza vidonge na kipande cha ndizi ili tumbo lisichafuke. Jumanne moja nilifika, ndala haikuwepo. Nikangoja. Jumanne iliyofuata pia haikuwepo, na infirmiere nilipomuuliza aliliinua lile jiwe la kijani akalishika tu bila kuita mtu. Nilivua ndala yangu nikaiweka mahali pake. Watu waliingia, wakaitazama, wakakaa pembeni. Iliendelea hivyo hadi nilipoitwa.

Katikati ya kiangazi hicho alikuja dada mmoja wa chuo kikuu, mtu mzima, amevaa buti za mvua ingawa hapakuwa na tone. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu na kimashine mkononi. Nilimkaribisha kwa majivuno yangu yote na nikampa kiti. Hakukaa. Alichuchumaa, akakishusha kimashine hadi karibu na ardhi, nacho kikaanza kulia tatata, kama njugu zikikaangwa.

"Mama, huu muchanga mulitosha wapi?"

"Ku rejet. Kila mutu anatoshaka kule."

"Na mama anafagiaka kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Unaona ginsi iko safi?"

Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza mtu aliutazama uso wangu bila kusema nimenenepa. Aliomba achukue mchanga kidogo na, samahani mama, mkojo kidogo ndani ya chupa. Alirudi baada ya majuma mengi, baridi imekwisha na joto limeanza, akiwa na karatasi. Safari hii alikubali kiti. Alieleza polepole, naye alikuwa mpole, lakini neno nililobaki nalo ni moja tu.

"Ile vumbi mama alikuwa anafagia, haikuwa inaenda inje. Ilikuwa inaingia ndani ya mama."

Aliniambia kwamba mle ndani mna sumu za aina nyingi, na mna hata ile inayotoka katika urani, lile jiwe ambalo wazee wetu walikatazwa kulichimba. Aliniambia nisifagie tena pakiwa pakavu, na kwamba kuchimbua si kuzuri, heri kufunika kwa udongo mnene na kuacha majani yaushike. Daktari wangu alikuwa mwangalifu zaidi. Alisoma karatasi ile mara mbili.

"Mama, minye siwezi kuapa kama ni uwanja njo ilileta ugonjwa. Lakini kama ulikuwa mama yangu, ningekutosha, ningekuhamisha pale leo. Na mutoto mudogo asitambae pale hata siku moja."

Yeye alikuwa anaandika. Hakuona nilivyoshika ukingo wa meza. Mimi nina mtoto mmoja tu, binti yangu Clarisse. Tulihamia nyumba hii akiwa na miezi minne. Alijifunza kutambaa kwenye uwanja ule. Magoti yake yalikuwa ya njano hadi jioni, nikamwogesha kwenye beseni na maji yakawa ya njano, na kama watoto wote alitia udongo mdomoni, nikampiga mkono kidogo, nikacheka. Niliwaita majirani waje wamwone alivyopaka mashavu.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyopangana. Clarisse ameolewa, anakaa Kolwezi na mume wake Hubert, na kiangazi kile alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane. Kwetu mimba ya kwanza inarudi kwa mama. Msichana anakuja kuzalia nyumbani kwao, mama yake anamkanda kwa maji ya moto, anamlisha uji, anamwogesha mtoto mpaka kitovu kidondoke na baadaye. Ni haki ya binti na ni heshima ya mama. Nilikuwa nimekwisha kununua beseni jipya. Alipiga simu siku mbili baada ya maneno ya daktari.

"Mama, bazazi ba Hubert banasema niende kwabo ku Shituru. Minye nilishakatala. Nakuya kwetu."

"Usikuye," nikasema.

"Aye?"

"Niko mugonjwa, mutoto wangu. Siko na nguvu ya kukuchunga. Enda kwabo."

"Ugonjwa yako naijua, mama. Nitapika minye. Wewe utamushika mutoto tu."

"Nimesema hapana."

Sauti yake ikapanda.

"Unanifukuza? Minye mutoto wako moja? Juu ya nini?"

"Siko na nguvu, Clarisse."

"Muzuri, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayemuaga mgeni.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane humwambii kwamba ardhi aliyoila akiwa mtoto ni sumu. Nilihofia tumbo lake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni ya kweli. Lakini ipo na nyingine. Nilikuwa naogopa swali ambalo angeniuliza baada ya hapo. Niliona heri anichukie. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa naficha maradhi ya watu wawili.

Mtoto alizaliwa Shituru mwezi wa tisa, wa kike. Hubert alinitumia picha na ujumbe wa adabu. Walimwita Gloria, jina la bibi wa upande wa pili. Nilikuwa nimetarajia Philomène, jina langu. Nilikuwa nimetarajia kwa miaka mingi na sikuwahi kumwambia mtu. Kutoka kwangu hadi Shituru ni mwendo wa mguu kwa mtu mwenye miguu mizima. Lakini kwa buko, yaani nyumbani kwa wakwe, mama wa mke hapigi hodi kama jirani, huitwa. Sikuitwa. Beseni jipya nililigeuza juu chini nikalitia chini ya kitanda.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipiga simu. Alipokea Hubert.

"Jambo yenu, mama. Clarisse iko anaoga."

Mtoto wangu alioga kila Jumapili saa ile ile kwa miezi mitano.

Habari za namna hii hazikai ndani. Mama gani anamkataa binti yake mwenye mimba? Likasi ilikuwa na jibu tayari: yule ambaye anaogopa kwamba akimwona mjukuu atamla. Mama Ngoie ndiye aliyeniletea, maana yeye hawezi kukaa na neno.

"Banasema uko na kintu, uko mulozi. Minye sisemi. Batu njo banasema."

Nilimwambia yote, kimashine, karatasi, daktari, kisha nikamwambia uwanja wake pia ni ule ule.

"Wewe njo ulinionesha huu muchanga, Ma Clarisse. Miaka yote unanichekelea na majani yangu. Leo unaniambia ni sumu?"

Alirudi kwake, na hakuvuka ua kwa majuma mengi. Alikuwa na haki.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa, tisa, kuniombea. Walikataa kuingia ndani kwa kuwa sebule yangu ni ndogo, wakafanya duara uwanjani, wakaanza kuifukuza ile roho ya kukataa wajukuu. Kwetu maombi ya namna hiyo hufanywa kwa nguvu. Walipiga miguu chini, vumbi la njano likapanda hadi magotini, hadi vifuani, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Mimi nilikimbia na ndoo za maji nikawamwagia miguuni, nikilia, nikisema, "Bamama, tafazali, mukuye ndani." Wakaona ndiyo roho yenyewe inapiga kelele, wakaongeza sauti. Leo nikikumbuka nacheka mpaka nashika mbavu. Siku ile walipoondoka nilikaa kwenye kibaraza nimelowa, nikajua kwamba sina mtu.

Nasema hivyo bila kuzunguka. Ugonjwa wenyewe sio uliokuwa mgumu. Ugumu ulikuwa kukosa mtu wa kumwambia kwamba leo povu limepungua.

Wakati wa vidonge sita, kabla mvua hazijashika, niliwatafuta wasukuma pusupusu, ile mikokoteni ya mkono, wakaniletea udongo mwekundu wa kichuguu kutoka njia ya nje ya mji. Walileta siku nne. Walinicheka waziwazi: watu hulipia kuondolewa udongo, huyu analipia kuongezewa. Walifunika kila mahali, unene wa kiganja na nusu, na nikawa namwagia maji nikiwa nimekaa kwenye kigoda maana kuinama kulinizungusha kichwa. Halafu nikafanya jambo ambalo mama yangu mzazi angenikana. Niliomba majani kwenye uwanja wa mpira wa parokia, yale mafupi yanayotambaa, nikayapanda. Nikayapanda vipande vipande kwa mikono yangu, mimi niliyekuwa nikiwapokonya wanafunzi alama kwa kucha chafu.

Mvua zilikuja. Majani yakashika. Kila asubuhi niliamka mkono ukitafuta ufagio, nikauzuia mkono, nikakaa kwenye kibaraza na chai yangu nikitazama uvivu ukistawi mbele ya mlango wangu. Kwenye wakati wa vidonge vinne yalikuwa madoa. Krismasi nilikula peke yangu kuku bila chumvi, na majani yalikuwa yameungana upande wa jikoni. Wapita njia walisimama. Nyumba ya Mwalimu Philomène imeota majani, basi kweli amekwisha. Nilianza kuyapenda kwa ukaidi tu.

Mwezi wa pili mkojo wangu ulikuwa safi. Infirmiere mwenyewe aliitikisa chupa mbele ya dirisha, ikakaa kimya, hakuna povu, akasema "Ah!" kwa sauti ya sokoni hadi benchi zima likageuka. Kidonge kimoja. Daktari aliniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Nilitembea kurudi nyumbani polepole, nikifikiria ni nani wa kumpigia.

Lango lilikuwa wazi. Uwanjani alikuwa mwanamke ameinama, amefunga kitenge kiunoni na mtoto mgongoni, anakwangua majani yangu kwa jembe. Alikuwa amekwisha kusafisha sehemu kubwa, kuanzia langoni hadi karibu na mti wa avoka. Alifanya kazi vizuri, kwa kina, kama nilivyomfundisha. Udongo mwekundu alikuwa ameusukuma pembeni pamoja na mizizi yake, na chini ulionekana tena ule wa njano. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinayumba mgongoni kufuata jembe.

"Acha!" Sikujua nina sauti ile. "Clarisse, toka hapo! Acha!"

Nilikimbia. Nilikuwa sijakimbia tangu mwaka uliopita. Nilimpokonya jembe, nikamsukuma yeye na mtoto hadi kibarazani, nikavuta ndoo nikamwaga maji kwenye ile sehemu ya njano, ndoo mbili, tatu. Yeye alisimama amekumbatia mpini usiokuwepo.

"Mama Ngoie alinipigia," akasema. "Anasema, mama yako analala mu majani sawa mufu, hakuna mutu wa kumufagilia. Nikasema, hata kama alinikatala, ni aibu yangu minye. Nilipanda gari ya asubuhi ku Kolwezi. Nilipenda ukute pako safi, nikuage, niende. Na sasa unanisukuma na mutoto mugongo?"

"Haiko aibu, haya majani. Niliyapanda minye."

"Ulipanda majani?"

"Ikala, Clarisse."

Hakukaa. Nikamwambia hivyo hivyo amesimama. Nilianza na mikokoteni sita ya baba yake, nikaja kwenye kimashine, karatasi, daktari. Nilipofika kwenye maneno ya mtoto asitambae, nilimtazama mtoto, kwa sababu mama yake sikuweza. Gloria ana masikio ya mume wangu. Alikuwa ananikodolea macho, mdomo umelowa.

Clarisse alitazama uwanja. Alitazama pale penye maji ya njano. Nikaona swali likija kwa mbali, na safari hii sikuwa na mahali pa kukimbilia.

"Na minye, mama?" akasema taratibu. "Minye nilitambaa wapi?"

"Hapo," nikasema. "Hapo hapo ulikuwa unalima."

"Njo maana ulisema nisikuye."

"Njo maana. Niliona heri unichukie kuliko uogope na mimba ndani."

Alikaa kwenye ngazi. Hakulia, mtoto huyu hakulia tangu zamani. Ni mimi niliyelia kwa wote wawili. Aliufungua mkanda wa kitenge, akamtoa mtoto mgongoni, akamshika mbele yake bila kumshusha chini.

"Miezi tano," akasema. "Kila Jumapili simu inalia, Hubert ananitazama. Nilikuchukia, mama. Na nilikuwa naogopa. Nilifanya yote mbili, sasa ulisaidia nini?"

Kisha, bila kunitazama, alinyoosha mikono yake na kuniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Alilala kwa wakwe zake Shituru, na Jumanne iliyofuata tulikuwa kwenye benchi ili naye apimwe. Clarisse aliweka fishi yake chini ya jiwe la kijani, na mimi nilikaa na Gloria mapajani, mahali pale pale pa ndala ya Mama Odette, ndala yangu moja nimeivua na kuiweka kando yangu. Nilidhani nimekwisha kujua kungoja. Sikujua kitu. Kila infirmiere alipoinua jiwe na kuita jina, jina lolote, nilisimama mimi, na Clarisse akanivuta nguo nikae. Alipoitwa yeye, akaingia, mlango ukafungwa, niliutazama mlango ule nikamwambia Mungu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Mtoto alikuwa amelala. Nilihesabu mistari ya malakiti.

Ndugu zangu, waambieni watu wenu. Siwapi ushauri mwingine zaidi ya huo. Waambieni mapema, hata kama mmekosea ninyi, hata kama ni ninyi mlioleta mikokoteni. Mimi nilifikiri namlinda mtoto wangu, na siku ile karibu amtimulie mtoto wake lile vumbi usoni kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Alitoka amebonyeza pamba mkononi. Figo zake zinafanya kazi, alisema daktari, hakuona kitu cha kumtisha leo. Arudi wakati wa kiangazi apimwe tena, na kiangazi kingine, na kingine. Si jibu la kushangilia. Tumelipokea. Alinieleza hayo akiwa amesimama mbele yangu, kisha akainama akamchukua Gloria, akamfunga mgongoni, akakaza kitenge.

"Tuende kwetu, mama," akasema. "Lakini tupite kwanza ku ba pusupusu. Kile kipande nilikwangua, tukifunike kabla ya mutoto kushuka."

Nikachukua ndala yangu kwenye benchi, nikavaa, tukaenda.